Niliyojifunza kwa kurekodi albamu ya jazi ya watu 17

Anayetaka kurekodi albamu ya bendi kubwa ya jazi inayopakana na muziki wa klasiki wa kisasa ajue mapema kwamba kutunga ndiko rahisi. Unakaa peke yako na piano na kifutio, unaandika, unafuta, usiku unakucha, na hakuna anayekudai. Deni linaanza watu wakishaketi. Bendi kubwa ya kawaida ina saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, kisha piano, gitaa, besi na dramu: watu 17. Ukitumia nusu saa kubishana juu ya nota moja ya tromboni ya tatu, umekula saa nane na nusu za kazi za watu, na wengi wao walikuwa wamekaa tu wakichezea simu.

Nilipoanza, kila niliyemwomba ushauri alinizungumzia maikrofoni na studio. Hakuna aliyenizungumzia karatasi za nota. Sasa nimemaliza, na naamini nusu ya albamu ile ilipatikana mezani kabla mtu yeyote hajapuliza chochote.

Niseme kwanza nilikuwa nataka nini. Nilitaka bendi ya jazi ipige muziki usiofuata njia ya kawaida ya tuni, solo, kisha kurudi kwenye tuni. Nilitaka vipande virefu vinavyokua polepole, sauti zilizosongamana nusu toni kwa nusu toni (umbali wa kitufe kimoja cha piano na cha jirani yake), ukimya mrefu, na katikati ya hayo yote nafasi ambapo mpigaji mmoja anaachiwa afanye lake. Wapuliza saksafoni wangeshika pia filimbi, klarineti na klarineti ya besi, na kwenye vipande viwili tungeongeza tuba na honi ya Kifaransa. Nikihesabu na hao, chumba kilijaa.

Kazi ya namna hii ina wazee wake, na ni vizuri kuwasikiliza kwa makini kabla ya kujiona mwanzilishi. Mimi nilikaa sana na wawili. Wa kwanza ni Stravinsky, mtunzi wa klasiki aliyeiandikia bendi ya jazi ya Woody Herman kazi iitwayo Ebony Concerto, ikapigwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, Machi 1946. Ni bendi iliyosifika kwa swing, yaani ule mdundo wa jazi unaoyumba, na kwa solo, lakini kazi yenyewe haina hata nafasi moja ya kupiga papo kwa papo. Kila kitu kimeandikwa. Ukiisikiliza unasikia sauti ya bendi ya jazi ikiwa imevaa adabu za mtu mwingine. Naipenda, lakini ilinionyesha mpaka nisiotaka kuuvuka: sikutaka kuwaita watu wa jazi halafu niwafunge midomo.

Wa pili ni Robert Graettinger, mtunzi wa City of Glass. Kiongozi wa bendi Stan Kenton aliipiga Chicago mwaka 1948, kisha akairekodi upya Desemba 1951 na okestra ya watu kama 40, vayolini zikiwemo. Nakiri mara ya kwanza sikufika mwisho. Ni ukuta wa sauti, tabaka juu ya tabaka, kila safu ikienda na mambo yake. Nilianza kuielewa nilipoacha kuisikiliza yote na kufuata safu moja tu, leo tromboni, kesho vayolini. Graettinger alikuwa akichora mipango yake kwa michoro ya rangi kabla ya kuandika nota, na hilo nimeliiba bila aibu: kila kipande changu kilianza kama ukanda mrefu wa karatasi, rangi moja kwa kila safu, ili nione nani anapumzika na nani ana mzigo. Alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 33 tu.

Mtunzi na kondakta Gunther Schuller ndiye aliyeupa mkutano huu wa jazi na klasiki jina la Third Stream, yaani mkondo wa tatu, mwaka 1957. Baadaye alilazimika kueleza mara kwa mara kwamba mkondo huo si jazi iliyoongezewa vayolini. Ukianza mradi wako utaambiwa hivyohivyo na pande zote mbili, kwa hiyo zoea.

Sasa turudi kwenye karatasi. Ushauri mkubwa kuliko wote nilionao ni huu: weka ugumu mmoja kwa wakati mmoja. Kama sauti ni ngeni masikioni, mdundo uwe mwepesi. Kama mdundo unabadilika kila kipimo (kifungu cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota), 5 kwa 8 kisha 7 kwa 8, basi mpe mtu nota ambazo vidole vyake vinazijua. Kama vyote viwili ni vigumu, kasi ishuke. Wapigaji wazuri wanaweza kumudu matatu kwa pamoja wakipewa muda, lakini muda ndio usiokuwa nao. Nilipitia vipande vyote na penseli nyekundu nikitafuta mahali ambapo magumu mawili yamekutana, na kila nilipopaona nilijiuliza kama msikilizaji angejua tofauti nikiondoa moja. Mara nyingi asingejua. Kulikuwa na mahali saksafoni zote tano zilikuwa zinagawa pigo moja mara saba; nilipoandika sita, mazoezini hakuna aliyekwama na kwenye rekodi panasikika pakiwa pamevurugika vilevile, kama nilivyotaka.

Halafu kuna suala la ala zisizosema kile zinachosoma. Tarumbeta hutoa sauti iliyo chini kwa toni moja nzima kuliko nota iliyoandikwa. Saksafoni ya alto na ya baritoni zina hesabu yao, ya tenori ina yake, honi ya Kifaransa ina yake. Tromboni husoma kilichopo. Programu ya kompyuta inafanya hesabu hiyo yenyewe, lakini haina akili ya kuchagua jina la nota. Kwenye muziki usio na ufunguo maalumu, utaona karatasi ya alto imejaa sharpu mbilimbili, alama za kupandisha nota nusu toni mara mbili, ambazo mpigaji anatakiwa azitafsiri kichwani huku mikono ikikimbia. Pitia kila karatasi kwa jicho la mwenye ala hiyo. Afadhali zaidi, mpe mpigaji mmoja wa kila ala karatasi yake wiki kadhaa kabla ya mazoezi, mlipe chochote, na umwambie akutukane. Wangu walinitukana vizuri. Mpuliza tromboni ya besi alinirudishia ukurasa ambao alitakiwa ageuze karatasi katikati ya nota ndefu, mkono mmoja ukiwa umeshika ala na mwingine ukivuta bomba. “Mkono wa tatu,” aliandika pembeni, “nitauazima kwa nani?”

Mambo mengine madogo yanayokula saa: weka namba za vipimo kwenye kila mstari, na ziwe zilezile kwenye karatasi za wote. Mtu akipumzika vipimo 40, mwandikie pembeni kwa nota ndogo kile atakachokisikia kwa jirani kabla hajaingia. Andika juu kabisa kama mapigo ni ya sawasawa au ya swing. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana mtu aliyelelewa kwenye jazi akiona nota za nusu pigo mfululizo, anaziyumbisha bila hata kujua.

Na usikubali siku ya tukio ikukute karatasi hazijakamilika. Oktoba 1962 Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi wa jazi, alikuwa na onyesho la kurekodiwa Town Hall, New York, na bendi kubwa kuliko alizozoea, na wanakili nota walikuwa bado wanaandika mezani jukwaani hadhira ikiwa imeshaketi. Usiku ule uliharibika. Nota kuu ya kazi hiyo, yaani kitabu chenye nota za ala zote pamoja, iitwayo Epitaph na yenye vipimo zaidi ya 4,000, ilikuja kupigwa mwaka 1989, miaka kumi baada ya Mingus kufariki, Schuller akiiongoza. Kama Mingus yalimkuta, sisi ni nani?

Bendi yangu ilikuwa ya mchanganyiko. Baadhi walitoka kwenye jazi, baadhi kwenye okestra, na kwa mazoezi ya mwanzo walikaa kama wageni wa pande mbili za harusi. Wa okestra walisoma kila kitu kama kilivyo, sauti ndogo ikawa ndogo kweli, lakini walipofika mahali palipoandikwa tu majina ya kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) na neno “huru”, waliganda. Wa jazi hapo ndipo walipochangamka, ila waliziona alama zangu za sauti kubwa na ndogo kama mapambo. Nilijifunza kutowaambia watu “piga unachojisikia”. Kwa mtu asiyezoea, hiyo ni adhabu. Mpe vitu: nota tano, uzani wa sauti, urefu wa sekunde 20, na mtu mmoja wa kumsikiliza. Ndani ya uzio huo mpuliza honi ya Kifaransa ambaye alikuwa ameapa kwamba hajawahi kubuni chochote maishani alitoa kitu ambacho mpaka leo ndicho ninachokipenda zaidi kwenye albamu nzima.

Kwa sehemu za wote pamoja, tulitumia ishara za mkono. Mwalimu wa jambo hili ni Butch Morris, ambaye kuanzia miaka ya 1980 alijenga lugha kamili ya ishara za kuongoza watu wanaobuni papo hapo na kuipa jina Conduction. Sisi tulichukua wazo tu, tukatengeneza ishara zetu chache: shikilia, rudia, nyamaza, mfuate jirani, kumbuka ulichopiga. Tulizizoea bila ala mikononi, tukiimba na kupiga makofi, na watu wazima walicheka sana. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo hotuba zangu hazikufanya, pande mbili za harusi zikaanza kuongea.

Si kwamba kila kitu kilikuwa kicheko. Kulikuwa na siku tulikuwa tunapitia mahali ambapo tromboni nne zinashikilia sauti zilizopishana nusu toni, na mkubwa wao kwa umri akashusha ala. “Kijana,” akaniambia, “hii nota yangu inakwenda wapi?” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amepiga miaka mingi muziki ambao kila nota ina kwao, na mimi nilikuwa nimempa nota yatima. Sikuwa na jibu la haraka. Chumba kilinyamaza, na nikahisi jasho likinitoka mgongoni. “Nipe dakika moja, mzee,” nikamjibu, kisha nikawaomba wapige wawili wa nje tu, wa chini kabisa na wa juu kabisa, walainishe mpaka sauti zitulie. Kisha akaingia mmoja wa ndani, akisikiliza umbali wake na jirani wa chini. Yeye akawa wa mwisho. Alipoingia, msongamano ule ukang’aa. Ile fujo ikawa rangi. Akashusha tena ala, akatikisa kichwa, akasema, “Kumbe mimi ndiye chumvi.” Tangu siku hiyo kila penye sauti zilizosongamana tulipanga hivyo, wa nje kwanza, wa ndani baadaye, na lawama zikapungua.

Panga mazoezi ya safu peke yake kabla ya kuwakutanisha wote. Safu ya mdundo ianze mapema kuliko wengine, kwa sababu kama mpiga dramu na mpiga besi hawajakubaliana mapigo yako wapi, wapulizaji 13 hawatakuokoa. Na heshimu midomo. Wapuliza tarumbeta hawachoki mikono, wanachoka midomo, na mdomo uliochoka hauombwi samahani ukarudi. Usiweke vipande viwili vya juu sana mfululizo. Mazoezini waruhusu wapige oktava moja chini. Wanajua sauti iko wapi, huna haja ya kuisikia kila mara.

Studio nitaipita haraka zaidi, maana hapo ndipo penye ushauri mwingi kwingineko. Uamuzi mkubwa ni mmoja: unarekodi kama watu wa jazi wa kisasa, kila ala na maiki yake karibu, au kama watu wa klasiki, maiki mbili juu ya kichwa cha kondakta zikikamata chumba kizima? Tulifanya vyote viwili, tukazipa zile mbili za juu ndio uzito, na zile za karibu zikawa za kusaidia. Dramu tuliziwekea vizuizi lakini hatukuzitoa chumbani. Faida ni kwamba bendi inasikika ikipumua pamoja. Hasara ni kwamba sauti ya kila mtu imeingia kwenye maiki ya jirani, kwa hiyo mmoja akikosea huwezi kumfuta peke yake. Dawa yake ni kurekodi kwa sehemu: mkikosea kipimo cha 90, rudini nyuma hadi mahali penye pumzi, pigeni mpitilize, mkatie pale penye ukimya. Rekodi pia chumba kitupu kwa nusu dakika, watu wakiwa wamekaa kimya na ala zao; ukimya wa kompyuta haufanani na ukimya wa chumba, na kwenye muziki wenye mapumziko marefu sikio linaugundua mara moja. Teua mtu mwenye nota kuu mkononi akae na fundi mitambo, aandike ni jaribio lipi lilikuwa zuri kutoka kipimo kipi hadi kipi. Wewe unayeongoza hutakumbuka kitu.

Kuna wanaoona kukata na kuunganisha ni udanganyifu. Mingus huyohuyo, kwenye The Black Saint and the Sinner Lady iliyorekodiwa Januari 1963 na watu 11, alimrudisha Charlie Mariano kuongeza sehemu za saksafoni ya alto juu ya kilichokwisha kurekodiwa. Nani analalamika leo?

Kwenye kuchanganya sauti ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Fundi mitambo wa kwanza alikuwa hodari, lakini mazoea yake yalikuwa ya muziki wa dansi na redio, ambako kila kitu kinabanwa kiwe juu muda wote. Aliponiletea kazi, filimbi peke yake ilikuwa na ukubwa sawa na tarumbeta nne. Muziki ulikuwa umekufa ukiwa na afya. Ilibidi kazi ianze upya kwa mtu mwingine na fedha itoke mara ya pili. Kabla ya kuajiri, mpe fundi dakika tatu za rekodi yako, zile zenye kupanda kutoka kimya hadi kelele, umsikilize anavyozishughulikia. Na mweleze kwamba majukwaa mengi ya kusikilizia mtandaoni siku hizi husawazisha sauti yenyewe, ukiibana sana wao wanaishusha tu, kwa hiyo umepoteza milima bila kupata chochote.

Kuhusu fedha kwa ujumla: malipo ya wapigaji ndiyo yaliyokula sehemu kubwa, kisha chumba, kisha kazi ya nota. Sikupunguza malipo ya watu na simshauri mtu afanye hivyo. Nilipunguza muziki. Albamu ilipangwa iwe ndefu karibu mara mbili. Vipande vitatu vikabaki kabatini, tukapata saa za kutosha kwa vilivyobaki. Dakika 40 zilizofanyiwa mazoezi zinasikilizika kuliko 70 za kubahatisha. Andikianeni mkataba kabla ya siku ya kwanza, kila mtu ajue kama analipwa mara moja au ana fungu lake kwenye mapato, na waliobuni solo wajue jina lao litakaa wapi. Ukiomba ruzuku, usipeleke sauti za kompyuta peke yake. Kompyuta haiishiwi pumzi, na wanaosikiliza maombi wanalijua hilo. Safu moja ya watu halisi ikipiga dakika mbili ina nguvu zaidi.

Ilipokwisha sikuweza kuisikiliza kwa muda mrefu. Nilikuwa nikisikia tu mahali pa kukata. Wapigaji kadhaa waliniambia nao huwa hivyo, kwa hiyo usiamue lolote kuhusu mpangilio wa vipande wiki ile. Mwachie rafiki ambaye hakuwepo chumbani. Rafiki yangu alitanguliza kipande kifupi kuliko vyote, ambacho mimi nilikuwa nimekificha karibu na mwisho, na alikuwa sahihi.

Baada ya kutoka, vipindi vya jazi vilisema ni klasiki na vya klasiki vikasema ni jazi. Waliotuelewa haraka walikuwa wapigaji wenyewe na wanafunzi wa muziki, na wengi wao waliomba nota kuliko walioomba rekodi. Hilo sikulitegemea, na lilinikuta masahihisho ya penseli ya miezi yote yakiwa bado kwenye karatasi za watu 17, kila moja nyumbani kwa mwenyewe. Zikusanye siku ya mwisho ya kurekodi, kabla watu hawajafunga masanduku ya ala. Muziki wa Graettinger uliweza kurekodiwa tena miaka ya 1990 na Ebony Band ya Amsterdam, chini ya Werner Herbers, kwa sababu nota zake zilikuwa zimehifadhiwa. Faili langu sasa lina nota kuu, karatasi ya kila mpigaji ikiwa imesahihishwa, na ukurasa mmoja wa ishara za mkono. Bendi ya wanafunzi iliyoomba kipande cha tatu ilitumiwa vyote siku hiyohiyo, na ukurasa wa tromboni ya besi sasa unageuzwa penye mapumziko.